Kodi ya nyumba Kampala: serikali hailipi, basi tunza risiti zako

Watu wananiuliza sana, hasa ndugu waliotoka Kongo juzi juzi, eti ofisi gani hapa Kampala inasaidia kulipa kodi ya nyumba. Niwaambie ukweli jamani, sijaiona. Dada yangu yuko Uingereza, alipokosa kazi serikali ilimpa pesa ya nyumba ndani ya Universal Credit, ule msaada wa huko kwa wenye kipato kidogo, hata kama nyumba ni ya mtu binafsi, wanaangalia eneo unalokaa na vyumba unavyohitaji, kodi ikizidi hapo unajaziliza mwenyewe. Kwetu hapa kitu cha karibu ni ile shilingi elfu mia ya serikali wakati wa lokdauni ya 2021, ilitumwa kwenye simu mara moja tu ikaisha.

Mimi niliipata. Niliitoa yote nikampa mwenye nyumba, mzee mmoja, mkononi, huku Katwe, na sikudai risiti, na hapo ndo nilikosea kabisa. Baada ya wiki chache natoka sokoni usiku nakuta kufuli mpya mlangoni, watoto wamekaa chini kwa baraza na njaa, mzee anasema ile pesa hajaiona. Tulilala kwa jirani siku nne mpaka mwenyekiti wa LC1, yaani baraza la mtaa, akaingilia, na ni kwa sababu yule jirani aliniona nikilipa. Bila yeye sijui.

Tangu siku hiyo nalipa kwa mobile money na ile meseji siifuti, halafu niko na kidaftari, kila mwezi mzee anasaini tarehe na kiasi. Mwanzo alinuna, akazoea.

2022 ikaja sheria ya wenye nyumba na wapangaji, isome au umwombe mtu akusomee. Kukutoa kwenye nyumba bila amri ya korti ni kosa. Mkataba wa thamani ya laki tano au zaidi lazima uandikwe, lakini hata ukilipa elfu themanini andika tu, karatasi moja inatosha, mwenyekiti awe shahidi. Na kodi haipandi zaidi ya asilimia 10 kwa mwaka. Hii ya mwisho ilinisaidia mimi mwenyewe, mzee alitaka kunitoa 200,000 aniweke 300,000, nikamwambia kwa heshima, mzee wangu sikatai kuongeza ila sheria inasema 220,000, akasema mama nyumba ni yangu, nikamwomba twende wote kwa mwenyekiti na kidaftari changu. Tulimalizia 220,000 na bado tunasalimiana vizuri.

Ukiona mwezi huu utakwama, mwambie kabla tarehe haijafika, umpe hata nusu, usijifiche. Na ukifungiwa mlango usivunje kufuli, piga picha, nenda LC1 asubuhi hiyo hiyo, ikishindikana akina mama waende FIDA Uganda, chama cha wanasheria wanawake, wanatoa msaada wa kisheria bure. Beba kidaftari, meseji za malipo na kitambulisho, hata kile cha mkimbizi.