Mtama mwitu na alama za vinasaba: kwa mnaoanza

Wadogo zangu, najua mna hamu ya kushika pipeti. Ngojeni kidogo. Kosa lililonila msimu mzima lilitokea porini, kabla sijafungua hata chupa moja ya kemikali.

Nilikuwa natafuta alama za vinasaba, yaani sehemu za DNA zinazotofautiana kati ya mimea, zinazoambatana na uvumilivu wa ukame. Nilichuma majani ya mtama mwitu Dodoma, kisha mengine ukanda wa Pwani. Hesabu yangu ilikuwa nyepesi: kule kukavu, huku kuna unyevu, basi alama zitakazotofautiana ndizo zinazohusu ukame. Nikatumia mikrosatelaiti, yaani vile vipande vya DNA ambavyo herufi zinajirudia, GAGAGA, na urefu wake hutofautiana kati ya mmea na mmea. Kwenye mchoro makundi mawili yakajitenga, safi kabisa. Nilifurahi, na nikaanza hata kuandika kichwa cha makala. Msimamizi wangu akauliza swali moja: "Kutoka huku hadi huku ni kilomita ngapi?"

Karibu mia nne. Mimea iliyoachana umbali huo itatofautiana tu, ukame uwepo usiwepo, maana chavua haivuki na mbegu zinasafiri kwa kusuasua. Nilikuwa nimepima undugu nikidhani napima uvumilivu.

Wenzetu wa shayiri mwitu wana mfano mzuri. Katika korongo la Nahal Oren, Mlima Karmeli, Israeli, Eviatar Nevo na wenzake walilinganisha shayiri ya miteremko miwili inayotazamana: mmoja unachomwa na jua, mwingine una kivuli na ubichi. Kati yake ni mita mia chache tu na mvua inayonyesha ni ile ile. Hapo tofauti ikijitokeza, una haki ya kuyashuku mazingira. Nasi tutafute jozi za namna hiyo, kwa mfano kilima cha mawe na mbuga ya udongo mweusi iliyo chini yake, na jozi ziwe kadhaa, maana jozi moja inaweza kukudanganya.

Mtama una ujanja wake mwingine. Wa mwitu na wa shambani yote ina kromosomu 20, na inazaana bila shida. Ukichuma jani kando ya shamba, huenda umechuma chotara. Tazama suke: la mwitu limetawanyika, na likikomaa ukiligusa punje zinapukutika mkononi, la chotara liko katikati. Andika umbali hadi shamba la jirani, piga picha ya suke, chukua vipimo vya GPS. Daftari langu la kwanza lilisema "Dodoma 14, njiani". Njia ipi? Sikumbuki mpaka leo.

Jani changa ndilo bora. Likate vipande, litie kwenye bahasha ndogo ya karatasi, ulizike katika silika jeli (zile punje zinazofyonza unyevu) ya kutosha siku hiyo hiyo. Jani la mtama likikawia kukauka hugeuka la zambarau, na kemikali hizo zikiingia kwenye DNA, PCR, ile njia ya kunakili DNA mara nyingi ili ipimike, inagoma.

Siku hizi wengi wenu mtatumia SNP, tofauti za herufi moja moja, kwa maelfu. Raha, lakini piga hesabu: ukipima SNP 20,000 kwa kigezo cha 0.05, yaani kukubali kudanganywa na bahati mara tano katika mia, takriban 1,000 zitajitokeza kwa bahati tu hata kama hakuna lolote. Sahihisha kwa wingi wa vipimo, na uingize undugu wa mimea katika modeli yako ya takwimu. Hata iliyobaki ni alama tu. Inaweza kuwa inakaa jirani na jeni unayoitafuta.

Kwa hiyo lazima upande mimea uijaribu kwa ukame wenyewe. Mbegu za porini zioteshe kwanza msimu mmoja mahali pamoja, kwa sababu mama aliyeshinda na kiu huathiri mbegu zake. Kizazi kinachofuata ndicho ukinyime maji. Kisha kuna mizani, ya kujua jani lina maji kiasi gani: pima jani likiwa bichi, liloweke mpaka lishibe maji, pima tena, likaushe ovenini, pima mara ya tatu. Maji liliyokuwa nayo, gawanya kwa maji linayoweza kubeba. Ila mizani usiiache maabara ukatembea na majani mkononi saa saba mchana. Mwaka wangu wa pili mimea yote ilionekana ina kiu, hata ile niliyoimwagilia asubuhi.