Jino Likinyamaza Ghafla, Usishangilie

Usiku wa tatu nilikuwa nimekaa kitandani, mgongo ukutani, karafuu mbili nimezibana kwenye gego la chini kulia. Nikijaribu kulala, jino linapwita kama lina moyo wake. Nikikaa, linapoa kidogo. Panado nilishameza za kutosha, maji ya chumvi nilishasukutua, na jirani mmoja alishanishauri nidondoshee maji ya betri. Namshukuru Mungu sikumsikiliza, maana yale ni tindikali, yanaunguza jino na ufizi pamoja. (Hata aspirini ya kubandika kwenye ufizi inauacha na kidonda. Tusidanganyane.)

Siku ya nne nikaamka, kimya. Nikanywa chai ya moto, kimya. Maji ya friji, kimya. Nikampigia simu daktari wa meno, nikafuta miadi niliyoipata kwa taabu, nikaenda kazini napiga mluzi.

Kumbe jino halikupona, lilikufa.

Ndani ya jino, chini ya gamba gumu jeupe na tabaka la manjano linalofuata, mna nyama laini yenye mishipa ya damu na ya fahamu. Inashuka mpaka kwenye ncha za mizizi kupitia vijia vyembamba sana. Tundu likichimba hadi hapo, bakteria wanaingia na nyama inavimba. Sasa, mkono ukivimba una pa kutanukia. Hii imezungushiwa ukuta kila upande, haina pa kwenda, na ndiyo maana maumivu yake yanamliza mtu mzima. Inabanwa mpaka inakosa damu, inaoza. Mishipa ya fahamu ikishakufa, maumivu yanakatika, ila bakteria wako palepale, tena wanateremka taratibu kuelekea kwenye mfupa wa taya.

Mimi walinichukua wiki tano. Asubuhi ya harusi ya binamu yangu niliamka shavu limejaa kama nimeficha andazi. Picha zote za siku ile nimegeuza upande wa kushoto. Nikapitia duka la dawa, nikapewa amoksilini, uvimbe ukapungua, na baada ya siku kadhaa ukarudi. Daktari alipokuja kunieleza nilijiona mjinga: dawa ya kumeza inasafiri kwa damu, na ndani ya jino lililokufa hakuna damu. Inaweza kusaidia uvimbe unaosambaa, lakini chanzo inakiacha.

Kwa hiyo jisikilize mapema. Maji baridi yakikuuma kisha maumivu yakaisha mara moja, huenda kuziba tu kunatosha. Yakiendelea kuuma dakika kadhaa baada ya kumeza, au jino likaanza lenyewe bila kuguswa na kukuamsha usiku, nyama ya ndani imeshaelemewa. Jino likibadilika rangi likawa la kijivu, au kwenye ufizi kukatokea kipele kinachotoa usaha kisha kinajifunga na kurudi, huenda bakteria ameshafika mfupani hata kama huumwi. Na uvimbe ukishuka chini ya taya, ukashindwa kumeza, kufungua mdomo au kupumua vizuri, hapo usingoje miadi. Nenda hospitali usiku huohuo, watu hufa kwa hilo.

Matibabu yenyewe, yaani kusafisha mzizi wa jino, yamesingiziwa sana. Nilikwenda nikiwa nimejiandaa kwa mateso. Daktari, mwanamama mpole, alinipiga picha ya eksirei, akaniambia, “Kaka, leo tutatoa usaha kwanza. Ufizi uliovimba ganzi hukataa kushika vizuri.” Nikarudi baada ya wiki, ganzi ikashika, na kilichonichosha zaidi ni kukaa mdomo wazi muda mrefu.

Alivisha jino mpira mwembamba uliofunika mdomo mzima, limebaki jino peke yake juu. Nilikereka, nikauliza wa nini. Akasema unazuia mate yasiingize bakteria wapya, na unanizuia nisimeze visindano vyake. Baada ya hapo sikulalamika. Alitoboa juu ya jino, akatafuta vijia. Jino la mbele la juu kwa kawaida lina kimoja, gego la chini mara nyingi vitatu, na la juu mara nyingi vinne, kimoja kikiwa kimejificha. Kikiachwa, tatizo linarudi. Akavikwangua kwa vile visindano, akavisafisha kwa dawa yenye harufu ya Jik, na kweli ni jamaa moja nayo, akaweka dawa na kiziba cha muda. Harufu ya kile kiziba niliijua tangu Pemba kwa bibi: mafuta ya karafuu.

Mara ya mwisho alivijaza vijia kwa gataperka, utomvu wa mti wa nchi za Kimalei. Nilipousoma baadaye nilikuta zamani ndio uliokuwa ukifunika nyaya za telegrafu za chini ya bahari, kama zile zilizofika Unguja kutoka Aden mwaka 1879. Ikiwa bahari haikupenya, nikasema, mate yangu yatapenyea wapi?

Siku tatu nne za mwanzo jino liliuma kidogo nikitafuna. Hiyo ni kawaida. Kuuma kunakozidi kila siku si kawaida.

Sasa kwenye pesa, hapa ndipo wengi wetu tunapoharibikiwa. Kung'oa kwa kawaida ni bei rahisi zaidi, na mama yangu mpaka leo anaamini jino likiuma dawa yake ni koleo. Lakini pengo lina gharama zake: meno jirani yanalalia upande, la juu linateremka, na ukitaka kuweka la bandia baadaye utalipa, nalo jino la pembe si dawa ya pengo. Kabla hujakubali bei, uliza inajumuisha nini. Eksirei zote? Ziara zote? Kofia ya jino, yaani kifuniko kigumu kinachovishwa juu yake? Kofia mara nyingi huhesabiwa peke yake, na kwa gego si pambo. Jino lililotobolewa na kupoteza ukuta mwingi linavunjika kirahisi. Kaka yangu alilipia mzizi, kofia akasema mwezi ujao, mwezi ujao. Jino likapasuka mpaka chini akitafuna mfupa wa mbuzi, likang'olewa. Alilipa mara mbili akabaki na pengo.

Na kama jino limepasuka mzizi au limeliwa mpaka chini ya ufizi, ng'oa. Daktari mzuri atakwambia hivyo bila kukuzungusha.

Gego lililoniponza, nilikuja kuambiwa, ni lile linaloota mtoto akiwa na miaka 6 hivi, nyuma ya meno ya utoto, bila kung'oa chochote. Wazazi wengi huliona wakadhani nalo litang'oka lije jingine. Haliji. Binti yangu ana miaka 7, na kila Jumapili namulika kule nyuma kwa tochi ya simu, akilalamika kwamba namgusa na mikono yenye vitunguu.

Langu sasa lina mwaka wa nne. Barafu hailisumbui, maana mishipa haipo, ila nikiuma kokoto kwenye wali nalihisi, kwa sababu nyuzi zinazolishika kwenye mfupa bado ni hai. Kinachonitia hofu ni kwamba likitoboka upya chini ya kofia, halitaniambia. Kwa hiyo kila mwaka nakwenda kupigwa picha. Nakaa kwenye benchi siumwi popote, na walioshika mashavu wananitazama kama mtu aliyekosea mlango.