Maikrofoni ya USB ipo kwenye Linux, programu ya kurekodi haioni: anzia nje, ingia ndani

Waalaykum salaam Ustadh. Suali lako nimelisoma mara mbili, maana jambo hili limenikuta mwenyewe na limenikosesha kitu ambacho sikukipata tena. Umesema maikrofoni yako ya USB inaonekana kwenye mipangilio ya sauti, ukisema neno ule mstari unapanda na kushuka, lakini programu uliyoishusha ili urekodi kasida za madrasa haina khabari nayo. Umeshaweka Linux upya mara mbili, bando limekwisha, na kuna mtu hapo Fuoni kakwambia maikrofoni ni mbovu, ununue nyengine.

Usinunue. Na mfumo usiuweke tena. Ikiwa mstari unacheza unaposema, maikrofoni ni nzima, waya ni mzima, na kaneli, yaani kiini cha Linux kinachozungumza na vifaa, imeshaitambua. Kilichobaki ni mlango mmoja uliofungwa baina ya sauti na programu yako.

Programu nyingi tunazoshusha siku hizi kwenye Linux huja kwa Flatpak au kwa Snap, njia mbili za kuweka programu. Za zamani zikishaingia kwenye kompyuta zilikuwa huru nyumba nzima. Hizi kila moja imefungiwa kisanduku chake. Chukulia nyumba zetu: mgeni anakaribishwa ukumbini, anapewa kahawa, anazungumza, lakini ya uani hayaoni. Programu ya kisandukuni inaona kile tu ilichofunguliwa. Na ikiwa sauti haikufunguliwa, haikwambii kwamba imezuiwa. Inakwambia hakuna kifaa. Neno hilo ndilo linalopeleka watu dukani kununua vitu wasivyovihitaji. Programu haisemi uongo, pale ilipokaa kweli hakuna kifaa, lakini wewe uliyeko nje unakiona mezani.

Mimi niko Wete. Kwa miaka kadhaa narekodi wazee, hadithi na nyimbo za kazi, kwa Kipemba chao. Safari moja tulikwenda Konde kwa bibi mmoja aliyekubali baada ya kuombwa muda mrefu. Usiku wa kuamkia safari nilijaribu maikrofoni kwa amri ya terminali (dirisha la kuandikia amri), ikarekodi safi, nikalala nimetulia. Tulipofika, nikafungua programu ya kurekodi: orodha ya vifaa tupu. Nikachomoa, nikachomeka. Nikazima kompyuta nikawasha. Nikaiondoa programu nikaishusha upya kwa intaneti ya simu, bibi kakaa mkekani anatungoja, saa inakwenda. Mwisho tukarekodi kwa simu, na upepo umejaa ndani ya sauti. Tuliporudi baada ya Idi alitusimulia tena, kwa moyo mkunjufu, lakini wimbo wa kutwangia alioimba siku ile ya mwanzo hakuuimba. Tulimuomba, akasema umemtoka.

Sababu niliikuta usiku ule ule niliporudi nyumbani. Kompyuta ile wanaitumia na watoto, na miezi kadhaa kabla nilizifungia sauti programu zote za Flatpak kwa amri moja, kisha nikazifungulia moja moja nilizozitaka. Ya kurekodi niliiweka baadaye, ikaangukia kwenye katazo la jumla. Katazo hilo huandikwa kwenye faili `~/.local/share/flatpak/overrides/global`, na faili hilo halifutiki unapoiondoa programu. Ndiyo maana kuishusha upya hakukufaa kitu. Na jaribio langu la usiku lilikuwa nje ya kisanduku, wakati kazi ya kesho yake ilikuwa ndani.

Kwa hivyo Ustadh, anzia nje uingie ndani, usiruke hata hatua moja.

Nje kabisa ni kaneli. Andika:

`lsusb`
`cat /proc/asound/cards`
`arecord -l`

Maikrofoni ikitajwa kwenye majibu ya amri mbili za mwisho, draiva (programu inayoendesha kifaa) imeikamata. Isipotajwa, tatizo si la kisanduku: jaribu tundu jengine la USB, jaribu bila kigawanyio, na utazame ncha ya waya. Sisi watu wa kisiwani tunajua chumvi inavyokula chuma. Nimeshaona waya uliokaa dirishani mwaka mmoja ukawa na kutu kwa ndani, kwa nje unang'aa. Kwako wewe hatua hii nina hakika utaipita.

Inayofuata ni seva ya sauti, yule anayepokea sauti kutoka kwa kaneli na kuzigawia programu. Zamani alikuwa PulseAudio. Sasa mara nyingi ni PipeWire: Fedora ilihamia huko mwaka 2021, Ubuntu toleo la 22.10 mwaka 2022, Linux Mint 22 mwaka 2024. PipeWire ameuacha mlango wa PulseAudio mahala pake ili programu za zamani zisipotee, ndiyo maana jina "pulseaudio" utaliona kwenye ruhusa hata kama PulseAudio mwenyewe hayupo tena. Andika:

`pactl info`
`pactl list short sources`

Kwenye orodha ya pili tafuta jina linaloanza na `alsa_input.usb`. Hilo ndilo lako. Majina yanayoishia na `.monitor` yaache, hayo si maikrofoni, yanarekodi kile kinachotoka kwenye spika. Nimemuona kijana amerekodi maulidi mazima kwa monitor, akarudi na faili kubwa la kimya. Kama amri zenyewe zinagoma kujibu, mwamshe seva kwa:

`systemctl --user restart pipewire pipewire-pulse wireplumber`

kisha funga programu yako na kuifungua upya.

Sasa kisanduku chenyewe. Mwanzo jua programu yako imekuja kwa njia gani. `flatpak list --app` itakutajia za Flatpak, `snap list` za Snap. Duka la Ubuntu hupendelea Snap. Linux Mint imeizuia Snap tokea toleo la 20 na hutumia Flatpak. Watu wengi hawajui waliyonayo ni ipi, wanafuata maelekezo ya Snap kwenye Flatpak, wanachoka bure.

Ikiwa ni Flatpak, chukua jina lake refu. Nitatumia la Audacity, programu ya kurekodi, kwa mfano, wewe weka la kwako. Usianze kwa kusoma ruhusa zilizoandikwa. Ingia ndani ya kisanduku uone kwa macho yako:

`flatpak run --command=sh org.audacityteam.Audacity`

Ukishakuwa ndani:

`ls /run/flatpak/pulse`
`ls -l /dev/snd`

Ukiliona faili `native` kwenye ya mwanzo, mlango wa seva ya sauti uko wazi. Kwenye ya pili tafuta majina kama `pcmC1D0c`. Maana yake kadi namba 1, kifaa namba 0, na ile `c` ya mwisho ni ya kuingiza sauti. Ikiwa `p` ni ya kutoa. Ukiona mwenye faili ameandikwa `nobody` usishtuke, ndivyo kisanduku kinavyowaonyesha wenyeji wa nje, na ruhusa yako haijapungua. Ukiambiwa hakuna faili wala saraka, basi tumeupata mlango uliofungwa. Toka kwa kuandika `exit`, kisha tazama nani kaufunga:

`flatpak override --user --show`
`flatpak override --user --show org.audacityteam.Audacity`

Ya mwanzo inaonyesha makatazo ya jumla, ya pili ya programu hiyo peke yake. Ukiona `!pulseaudio`, alama hiyo ya mshangao ndiyo kufuli. Fungua:

`flatpak override --user --socket=pulseaudio org.audacityteam.Audacity`

Ruhusa unayoipa programu hiyo peke yake kwa amri hii hushinda katazo la jumla, kwa hivyo si lazima ufungulie zote. Asiyependa terminali aweke Flatseal, ataona ruhusa zote kwa vitufe. Humo muna na sehemu ya programu zote kwa pamoja, ambayo watu huisahau kama nilivyoisahau mimi. Ruhusa hii moja ya Flatpak inafungua kusikiliza na kurekodi kwa pamoja, hazitengani, na inafungua na `/dev/snd`. Ukimpa mtu ukumbi umempa na birika.

Snap ina tabia nyengine, na kwa maoni yangu hapa imefanya vyema zaidi: kusikiliza ni mlango mmoja, kurekodi ni mlango mwengine. Kwa kawaida wa kusikiliza hufunguka wenyewe na wa kurekodi unabaki umefungwa mpaka uufungue. Kwa hivyo dalili yake ni hii: kasida ya zamani inacheza vizuri ndani ya programu, lakini ukibonyeza kurekodi hupati kitu. Andika `snap connections` ukifuatisha jina la programu, na mbele ya `audio-record` ukiona kistari kitupu, hakujaunganishwa. Unganisha:

`sudo snap connect audacity:audio-record`

Programu nyengine zinataka kuzungumza na kadi moja kwa moja bila ya kupitia kwa seva. Hizo zinahitaji na mlango wa `alsa`, kwa amri hiyo hiyo.

Baada ya kufungua mlango, ifunge programu kabisa uiwashe tena, kwa sababu kisanduku hujengwa pale programu inapowaka. Na ufanye mazoea ya kuchomeka maikrofoni kabla ya kufungua programu. Nyingi husoma orodha ya vifaa mara moja tu zinapoamka. Audacity ina kitufe cha kuitafuta upya, nyengine hazina.

Kuna shauri nimelisoma hapo juu kwenye uzi wako, kwamba uiendeshe programu kwa `sudo`. Nakuomba usifanye. Seva ya sauti ni ya mtumiaji, iko chini ya `/run/user/1000` au namba yoyote iliyo yako. Ukiingia kwa `sudo` umekuwa mtu mwengine, na mtu huyo hana seva ya sauti. Hata hicho kidogo unachokiona kitapotea. Shauri la pili, la kufungua `--device=all` na `--filesystem=host`, linaweza kufanya kazi, lakini umefungua nyumba nzima, na kamera, na mafaili yako yote, kwa ajili ya maikrofoni moja. Mimi narekodi sauti za watu walioniamini na majina yao na hadithi za familia zao. Siwezi kuacha nyumba wazi hivyo, na wewe una sauti za watoto wa madrasa. Ikiwa umeshafungua, rejesha kwa `flatpak override --user --reset` na jina la programu, kisha toa ile ruhusa moja inayohitajika.

Umeuliza pia, kwa pembeni, juu ya rafiki yako wa taarabu mwenye kadi ya matundu manne: anataka kanuni, udi, fidla na mwimbaji kila mmoja kwa njia yake, na programu inamuonyesha njia mbili tu. Hilo si la kisanduku. Afungue pavucontrol, programu ya mipangilio ya sauti, aende sehemu ya mwisho ya mipangilio ya kadi, abadilishe wasifu uwe "Pro Audio". Hapo PipeWire atazitoa njia zote kama zilivyo. Akitumia programu ya Flatpak inayotaka kuunganishwa kwa mtindo wa JACK (njia ya kuunganisha sauti baina ya programu), kama Ardour, aongeze:

`flatpak override --user --filesystem=xdg-run/pipewire-0 org.ardour.Ardour`

Na akipata ujumbe kwamba kifaa kinatumika, aandike `fuser -v /dev/snd/*` aone nani kakishika.

Kasida zenyewe nimeona ni Ijumaa hii, na watoto hawatakungoja urekebishe kompyuta. Basi weka akiba. Kwenye terminali, nje ya visanduku vyote, amri hii inarekodi moja kwa moja:

`arecord -D plughw:1,0 -f S16_LE -r 48000 -c 1 kasida.wav`

Ile `1,0` ibadilishe kulingana na namba ulizoziona kwenye `arecord -l`. Kusimamisha bonyeza Ctrl na C. Ikikataa kwa sababu kadi imeshikwa, tumia `pw-record kasida.wav`, ambayo inapitia kwa PipeWire. Faili lolote kati ya hayo utalifungua baadaye kwenye programu yako na kulikata utakavyo. Siku ile Konde nilikuwa nayo amri hii kichwani, niliitumia usiku wake, na sikuikumbuka. Sasa nimeiandika kwenye karatasi ndani ya mfuko wa maikrofoni, na jaribio la usiku nalifanya ndani ya programu ile ile nitakayoitumia, nikarekodi dakika moja na kuisikiliza.

Jaribu leo baada ya Isha, kisha nibandikie hapa majibu ya `pactl list short sources` na ya `ls -l /dev/snd` ukiwa ndani ya kisanduku. Kwa hayo mawili nitajua umesimama mlango gani.