Nani kavuta picha? Kwa wanaoanza na konsoli za gemu, Mbeya na Iringa

Mteja wa banda la gemu anakaa, anashika pedi, na baada ya dakika mbili anasema picha ina ukungu. Anayeanza kazi hukimbilia kubadili waya, kisha TV, mwisho anailaumu mashine. Mwanafunzi anayejifunza kuandika gemu akiona picha ileile huanza kufumua kodi ya programu yake usiku kucha. Wote wawili wameruka swali la kwanza: picha hii imevutwa wapi, yaani imebadilishwa saizi wapi, na nani kaivuta?

Picha ya gemu ina saizi tatu. Ya kwanza ni ile ambayo gemu yenyewe inaichora kwenye kumbukumbu. Ya pili ni ile ambayo konsoli inaituma kwenye waya. Ya tatu ni pikseli zilizopo kwenye kioo cha TV, na hizo hazibadiliki hata ufanye nini. Zote tatu zikilingana, picha inakuwa kali. Kwa vifaa vilivyojaa mabandani Mwanjelwa, Kabwe, Mashine Tatu au Makambako, mara nyingi hazilingani hata mbili.

Anza na kioo, kwa sababu ndicho usichoweza kukibadilisha. TV nyingi za bei nafuu za inchi 32 zina kioo cha 1366×768. Ukiituma 1080p (picha ya mistari 1080) inapokea bila kulalamika, na menyu inaandika 1080p, basi mwenye banda anaamini ana kioo cha 1080. Hana. TV imechukua kila mistari 45 ikaiminya iwe 32. Ukiituma 720p, inachukua kila mistari 15 na kuifanya 16. Hapo ndipo ukungu unapoanzia: mstari mwembamba wa pikseli moja hauwezi kugawanywa hivyo bila kuchanganywa na jirani yake, ndiyo maana maandishi madogo ya gemu yanafifia kabla ya kitu kingine chochote.

Kuhakiki ni rahisi. Chukua kompyuta mpakato, iunganishe kwa HDMI, iweke 1920×1080, na ufungue picha yenye vidoti vyeusi na vyeupe vinavyopishana, kila kidoti pikseli moja, bila kuikuza. Kama kioo ni cha 1080 na TV haigusi picha, utaona kijivu kilichotulia uso mzima. Kama inaminya, utaona mawimbi na mikanda. Usitegemee kupiga picha kwa simu, kwa sababu kamera ya simu nayo hutengeneza mawimbi yake. Azima lensi ya fundi simu uisogeze kwenye kioo: vidoti vilivyovutwa vinaonekana vina kingo za kijivu, vingine vinene kuliko wenzake. Usiweke picha hiyo kwenye flashi ukaifungua kwa kicheza picha cha TV, maana kicheza picha nacho kinaweza kuivuta kivyake, nawe usijue unampima nani.

Kabla hujatoka kwenye TV, zima ukataji wa kingo. TV nyingi hukata asilimia kadhaa kila upande kisha huvuta kilichobaki kijaze kioo, tabia iliyorithiwa kutoka TV za chogo. Kwenye menyu ya rimoti tafuta "Just Scan", "Screen Fit", "1:1" au jina linalofanana na hayo. Ukiiacha, unalipia mvuto mmoja wa ziada bure, na mteja wa mpira haoni dakika zilizoandikwa pembeni.

Sasa konsoli. PS3 ndiyo inayowachanganya wageni wengi zaidi, na sababu yake ni ya kihistoria. Ilipotoka mwishoni mwa 2006, mfumo wake haukuwa unavuta picha ya gemu kwa niaba ya mtengenezaji wa gemu. Gemu ya 720p ikikutana na TV iliyokubali 1080i (1080 ya mistari ya kupokezana) na isiyokubali 720p, konsoli ilishuka hadi 480p. Mwanzoni mwa 2007 ikajulikana kwamba zana mpya zimewafungulia watengenezaji njia ya kuvuta kwa upana: chora 960×1080, mashine iifanye 1920×1080. Kwa upana tu. Urefu wa mistari 1080 ilibidi uchorwe wote. Ukiangalia orodha ya saizi zinazokubaliwa, utakuta pia 1280×1080, 1440×1080 na 1600×1080, zote zikitoka kwenye mlango huohuo. Gemu "inayotoa 1080p" kwenye PS3 inaweza kabisa kuwa na nusu ya pikseli za upana.

Kwa mwenye banda, maana yake ni hii. Ingia kwenye mipangilio ya video ya PS3, chagua HDMI, kisha "Custom", na utaona orodha ya saizi za kuweka tiki. Konsoli huchagua iliyo kubwa kuliko zote kati ya zile ulizoziwekea tiki na ambazo gemu inazikubali. Kwa kioo cha 1366×768 weka tiki 720p na 576p (au 480p kwa mashine ya Marekani), uondoe tiki ya 1080. Ukiiacha 1080 na tiki yake, gemu inaweza kuchora 960×1080, PS3 ikavuta hadi 1920, TV ikaminya hadi 1366: picha imechezewa mara mbili kwa upana ili iishie na uhalisi mdogo kuliko ile ya 720p. Kosa la upande wa pili ni kutoa tiki ya 720p ukabakiza 1080 peke yake. Gemu nyingi za PS3 ni za 720p, basi zitaanguka hadi 576p. Ukihamisha mashine kutoka TV moja kwenda nyingine ikakupa giza, izime hadi taa nyekundu, kisha shikilia kitufe cha kuwashia mpaka mlio wa pili. Mipangilio ya video inarudi mwanzo.

Xbox 360 ina mkondo tofauti. Ndani yake kuna chipu inayovuta picha yoyote hadi saizi uliyoichagua kwenye menyu, mtengenezaji apende asipende. Ndiyo maana Halo 3 iliweza kuchorwa kwa 1152×640 na mchezaji akapokea 720p au 1080p bila kujua. Kwa waya wa VGA mashine hii inatoa hata 1360×768, ambayo kwa TV ya 1366×768 yenye tundu la VGA karibu inamaliza kazi yote upande wa konsoli. Jaribu hiyo kabla ya nyingine zote.

Waya nao una neno lake. Kwenye HDMI, pini ya 15 na ya 16 ndizo zinazobeba maelezo ya TV kwenda kwenye konsoli: saizi gani inakubali, mara ngapi kwa sekunde. Pini hizo zikilegea, picha inaweza kupita vizuri tu, lakini konsoli haijui inaongea na nani, basi inachagua saizi ndogo kwa usalama. Fundi asiyejua hili hubadili TV nzima. Na chomeka HDMI vifaa vyote viwili vikiwa vimezimwa ukutani. Umeme unaovuja kwenye vifaa visivyo na ethi umeua chipu nyingi za tundu hilo.

Kwa wanaotaka kuandika gemu, wale wa Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia Mbeya na wengine wanaojifunzia nyumbani, tatizo lenu ni taarifa. Maelezo kamili ya vifaa vya konsoli hutolewa kwa waliosaini mkataba na kampuni, na mkataba unawafunga midomo. Mara chache mlango uliachwa wazi: mwaka 2002 Sony iliuza kifurushi cha Linux cha PS2 kikiwa na vitabu vya maelezo ya prosesa na ya chipu ya michoro. Kwenye PS3 iliruhusu Linux pia, lakini chipu ya michoro ilibaki imefungwa nyuma ya ukuta, ukapewa bafa tupu (eneo la kumbukumbu linaloshika picha) ya kupaka rangi, na Aprili 2010 ruhusa yenyewe ikaondolewa kwa toleo la 3.21. Zana za siri zilizovuja zinasambaa mtandaoni. Usiziguse. Huwezi kuuza ulichokitengeneza nazo, na miradi ya wazi haitaki kodi ya mtu aliyezichungulia. Jifunze kwa zana za wazi: PS2SDK na gsKit kwa PS2, PSL1GHT kwa PS3, na devkitPro kwa Wii.

PS2 ni mwalimu mzuri kwa sababu hesabu yake inaingia kwenye karatasi moja. Chipu ya michoro ina kumbukumbu ya megabaiti 4, yaani baiti 4,194,304. Bafa moja ya 640×448 kwa biti 32 ni baiti 1,146,880. Unahitaji mbili za kupokezana na moja ya kina (umbali wa kila pikseli kutoka kwa mtazamaji): 3,440,640. Zinabaki baiti 753,664 kwa picha zote za kuvisha maumbo, na hapo ndipo wanaoanza wanapokwama. Punguza upana hadi 512: bafa tatu zinakuwa 2,752,512, na kinachobaki kinafika 1,441,792, karibu mara mbili. Sasa nani atavuta 512 ijaze skrini? Rejista ya DISPLAY (sehemu ya chipu unayoiandikia namba za kuipangia), wakati wa kutoa picha. Upana wa skrini unahesabiwa kama vipande 2560. Gawa kwa 640 upate 4, gawa kwa 512 upate 5. Thamani unayoandika kwenye MAGH, sehemu ya rejista hiyo inayoshika ukuzaji wa upana, ni pungufu kwa moja: 3 au 4. Upana wa 384 haugawanyiki sawasawa. Ukiuchagua kubali kingo nyeusi au kukatwa. gsKit inakufanyia hesabu hii, lakini ifanye kwa mkono mara moja, au siku picha ikihama upande hutajua pa kushika.

Kwenye Wii usiandike saizi kichwani mwako. Ita VIDEO_GetPreferredMode, kisha soma fbWidth (upana wa bafa), efbHeight (urefu unaochorwa) na xfbHeight (urefu unaotumwa kwenye TV). Mbili za mwisho zikitofautiana, ni wewe unayevuta: pata kiwango kwa GX_GetYScaleFactor na ukipeleke kwenye GX_SetDispCopyYScale. Uliza pia kama TV imewekwa 16:9 kwa CONF_GetAspectRatio. Wii haiongezi pikseli kwa skrini pana, inazinenepesha tu zilezile, kwa hiyo usiporekebisha kamera yako watu wote watakuwa vibonge.

PS3 vilevile: videoGetState, kisha videoGetResolution, ndipo utenge bafa. Kodi nyingi za mfano zimeandikwa 1280×720 moja kwa moja. Mtu akiiendesha kwenye TV iliyowekwa 576p, upana ni 720, na urefu wa mstari kwenye kumbukumbu ni baiti 2,880 badala ya 5,120. Zisipolingana, picha inalala mshazari. Maandishi yote yaweke ndani ya asilimia 90 ya katikati, yaani 1152×648 kwenye 720p, kwa sababu mwenye TV hajasoma aya ya juu kuhusu kingo.

Ukijaribu kwanza kwenye PCSX2 au Dolphin, programu za kompyuta zinazoiga PS2 na Wii, ambavyo ndivyo wengi wenu mnavyo, rudisha ukuzaji wa ndani uwe 1x. Vikiwa 3x, gemu yako itapendeza kwenye kompyuta na kuaibika kwenye mashine halisi.

Ukitaka kujua gemu ya mtu mwingine imechorwa kwa saizi gani, hesabu ngazi. Nasa picha isiyobanwa, tafuta ukingo ulionyooka unaokaribia mlalo, uukuze. Utaona vidaraja. Chukua pikseli 36 za kwenda juu kwenye picha ya 720 na uhesabu vidaraja vyake. Ukipata 36, haikuvutwa. Ukipata 32, ilichorwa kwa mistari 640. Ukipata 30, ni 600. Rudia kwa ukingo ulio karibu wima ili upate upana. Usihesabu kwenye maandishi wala alama za pembeni, kwa sababu mara nyingi huchorwa baada ya kuvuta. Na gemu inayolainisha kingo kwa kuchanganya fremu zilizopita itakudanganya.

Limebaki la pedi kuchelewa. PS2 kwa waya wa AV inatuma mistari ya kupokezana, nusu picha baada ya nusu picha, kila moja milisekunde 20 kwa 50 Hz. TV ya chogo inaipaka ilivyo. TV bapa lazima iunganishe nusu hizo kwanza, kisha ivute hadi 768, na mteja wa mpira analiona hilo kwenye penati. Kupima: gawa waya wa njano kwa kigawanyio, upande mmoja chogo, mwingine TV bapa, kisha rekodi zote mbili kwa simu inayonasa fremu 240 kwa sekunde. Kila fremu ya simu ni milisekunde 4.2, hesabu fremu ambazo TV bapa imebaki nyuma. Picha zote mbili zitafifia kidogo kwa sababu ya kugawana ishara, hilo si tatizo. Rudia ukiwa umewasha "Game Mode". Pungufu ya fremu 8 za simu haisumbui. Kwenye 15 wachezaji wazuri wataanza kulalamika. TV inayozidi hapo ipe PS3 kwa HDMI, na chogo liachie PS2, ilimradi mashine na chogo vyote ni vya PAL (mfumo wa picha wa 50 Hz): mashine ya Marekani kwenye chogo la PAL tupu itatoa picha nyeusi na nyeupe au inayobingirika.

Nyuma ya kila TV bandika kipande cha karatasi: kioo chake, tiki zake, ukataji wa kingo umezimwa au la, na fremu ulizohesabu.