Ulisambaza soda? Kambini una kazi

Kuna msomaji wa Mwanza kaniandikia juzi: "Kaka, nasimamia stoo ya vinywaji, magari yanatoka kwa mkono wangu kila asubuhi, lakini kila nikiomba kazi kwenye mashirika ya misaada najibiwa sina uzoefu wa kibinadamu. Nifanyeje?"

Mdogo wangu, umenitonesha. Mimi pia nilitokea kwenye makreti. Kwenye kikao changu cha kwanza cha mashirika ya misaada Kigoma, mkubwa mmoja alinitambulisha kama "yule bwana wa soda", ukumbi ukacheka. Nikacheka nao, lakini sijasahau.

Haikupita muda, Mei 2015, Warundi waliokimbia machafuko kwao wakamiminika Kagunga. Wasioijua: ni kijiji cha ufukweni mpakani, mlima nyuma, Ziwa Tanganyika mbele, na wakati huo barabara ya gari haikuwepo. Kipindupindu kikazuka. Chombo cha kuwatoa kilikuwa MV Liemba, meli ya Wajerumani ya 1913, iliyowaleta Kigoma mjini ambako walipokelewa Uwanja wa Lake Tanganyika kabla ya mabasi ya kwenda kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu. Mezani mjadala wote ukawa meli: itafutwe nyingine, kubwa zaidi. Mtu aliyepakia mizigo maishani mwake anauliza kwanza, gati liko wapi? Halikuwepo. Liemba inasimama majini, watu wanaifuata kwa boti ndogo za wavuvi. Hata ulete meli kumi, mwendo wako ni wa zile boti. Nilisema hivyo. Baadaye nikalisikia wazo lilelile kwa mtu mwingine, kwa Kiingereza kizuri kuliko changu, na safari hii vichwa vikatikiswa kukubali. Haya.

Kwa hiyo kabla ya kuomba lori jipya, jua mzigo unakwama wapi. Hilo wafanyabiashara wanalijua bila semina.

La pili ni gumu zaidi, na hapa hata watu wa biashara huteleza. Dukani, bidhaa isiyopendwa inabaki rafuni na jioni unajua. Kambini mtu hana pa kuiachia. Anapokea, anatia dole gumba, na ripoti inasoma mgao umekamilika. Ukitaka ukweli, nenda sokoni siku inayofuata. Nyarugusu nilikuwa nazunguka: kina mama wametandika kanga chini, unga wa mahindi wa mgao unauzwa kwa kopo, mafuta yanapimwa kwa chupa ya soda (ndiyo, soda), na pesa ikipatikana inaenda kwenye unga wa muhogo. Wenzangu waliona utovu wa shukrani. Mimi niliona ripoti ya mauzo, tena ya bure.

Kambi ya Kakuma, Kenya, Shirika la Mpango wa Chakula Duniani (WFP) walilielewa hilo. Mwaka huohuo wa 2015 wakaanzisha Bamba Chakula: mkimbizi anawekewa pesa kwenye simu, anachagua mwenyewe kwa wenye maduka walioingia mkataba, wengine wakimbizi kama yeye. Kwetu majaribio ya kugawa fedha taslimu Nyarugusu yalisitishwa 2017. Siasa zake siziingii leo.

Na anayedhani soda ni mzaha akumbuke kwamba kuanzia 2010 Bohari ya Dawa yetu ilikaa na watu wa Coca-Cola kujifunza namna ya kufikisha dawa hadi vituoni badala ya kuishia wilayani. Wakati huo hakuna aliyecheka.

Vijana, acheni kuomba kazi hizi kwa machozi. "Napenda kusaidia watu" wanaandika wote. Wewe andika tani ulizopokea kwa mwezi, ngapi ziliharibika, masika ulipangaje magari, na vinavyokaribia kuisha muda ulivitoaje kwanza. Huo ndio uzoefu wa kibinadamu wanaoutaka, hata kama tangazo lao halijui kuusema. Na usisubiri cheo. Hizi kazi huanza na mikataba mifupi, mara nyingi dharura ikitokea, kwa hiyo ikija ya miezi mitatu ya kuhesabu magunia Kibondo, chukua, na mabuti ubebe yako.