Nitafsiri kila sentensi ninapowasomea hadithi ya Kiingereza?

Mwalimu, umeuliza kama utafsiri kila sentensi unapowasomea watoto wa miaka sita hadithi ya Kiingereza. Mimi nasema usitafsiri. Wakishazoea tafsiri, masikio yao hulala wakati wa Kiingereza na kuamka ukirudi kwenye lugha yao. Iachie picha kazi hiyo.

Chagua kitabu chenye sentensi inayojirudia: tuseme paka amepotea, na kila ukurasa mtu anauliza "Where is the cat?" Kabla ya kukifungua, waonyeshe jalada tu, wakisie. Unaposoma, weka kidole kwenye mkia unaochungulia nyuma ya pazia, kisha nyamaza. Kimya hicho ndicho walimu wengi tunachokiogopa, lakini ukihesabu kimoyomoyo hadi tano utasikia mmoja akinong'ona "cat", na mara darasa zima linapiga kelele. Akijibu mtoto kwa lugha yake, mpokee: "Yes, behind the curtain!" halafu endelea na hadithi.

Vitabu vingi vya aina hii vina kurasa 32, basi si lazima umalize siku moja. Kirudie kilekile wiki nzima. Utachoka wewe, wao wala. Siku ya tatu kosea makusudi, sema "dog" huku kidole kiko kwa paka, uone watakavyokurukia.

Sarufi? Iweke kando kwanza, umri wao bado.