Maswali yenu ya Darkest Dungeon: wababe wanne si kikosi

Ujumbe wa safari hii karibu wote unahusu Darkest Dungeon, gemu la kuongoza mashujaa wanne mapangoni, ile ya kwanza iliyotoka rasmi 2016. Majina ya mashujaa nayaacha kama yalivyo ndani ya gemu.

Ssebo, nina Leper, Crusader, Man-at-Arms na Hellion. Wote wana nguvu, lakini kila nikiingia Ruins (pango la magofu) wanarudi wawili. Shida ni nini? (Jinja)

Shida ni kwamba hukuunda kikosi, umekusanya wababe wanne wanaogombea nafasi ya mbele. Leper ukimweka nafasi ya 3 (zinahesabiwa kutoka mbele) hana la kufanya ila kupoteza zamu akijisogeza. Hata akiwa mbele, upanga wake unafika kwa maadui wawili wa kwanza tu. Akimuua mmoja, maiti inabaki palepale na kuwaziba walio nyuma wasisogee, naye anaanza kukatakata maiti.

Sasa tazama nyuma kabisa ya safu ya maadui. Kuna kile kiunzi cha mifupa kilichovaa kitajiri na kushika kikombe cha mvinyo. Uhai wake ni kidogo na pigo lake halina uzito, ndiyo maana mnakipuuza. Lakini kila kikimrushia mtu wako kile kikombe, msongo wake unapanda. Ukifika 100 shujaa anajaribiwa, na mara nyingi akili inamruka: anawatukana wenzake, anakataa hata kutibiwa. Ukifika 200 ni mshtuko wa moyo. Hicho ndicho cha kuua kwanza, kabla ya yule mwenye ngao aliyesimama mbele kukupotezea muda.

Kwa hiyo Hellion abaki nafasi ya 1, maana Iron Swan yake inamfikia adui wa mwisho. Au muweke Crusader hapo, ambaye Smite yake inaumiza zaidi maadui wasio watakatifu, kama hiyo mifupa. Nafasi ya 2 Highwayman na bastola yake. Nafasi ya 3 Plague Doctor: guruneti lake linawapiga wawili wa nyuma kwa pamoja, na mifupa haitoki damu kirahisi ila sumu inaitafuna. Nafasi ya 4 Vestal wa kutibu. Crusader, Highwayman, Plague Doctor na Vestal ndio wanne ambao gemu lilikupa mwanzoni kabisa, kabla hujaanza kuchagua kwa misuli.

Shujaa bora kuliko wote ni nani? (wengi mno)

Bora nafasi ya ngapi, pango gani, na nani? Bila hayo matatu sijibu tena.

Nipe linki ya kuipakua kwenye simu. (Mbale)

Sina, na lile faili linalozungushwa WhatsApp usiliguse. Simu hiyohiyo ndiyo yenye MoMo yako, pesa zako za simu.

Nina mashujaa wanne wa levo 3 na sasa wanakataa misheni rahisi. Nimebaki na watoto wa levo 0. (Mwanafunzi, Makerere)

Gemu halijaharibika. Waliofika levo 3 wanaona misheni za wanagenzi ni dharau. Uliwapenda wanne ukawasahau wengine, na hakuna kocha wa Cranes, timu yetu ya taifa ya soka, anayekwenda na wachezaji 11 bila benchi. Lea vikosi viwili au vitatu kwa zamu. Aliyetoka pangoni na msongo wa 70 apelekwe baa au kanisani, mwingine aingie. Utakapompoteza Vestal wako, maana utampoteza, awepo wa pili.

Na kwa kuwa sisi watu wa bajeti tunabana kila kitu: msibane sepetu. Kifusi kikiziba njia nawe huna sepetu, mnachimba kwa mikono, mkilipa kwa uhai, msongo na mwanga wa mwenge.

Umeme ukikatika katikati ya pigano, aliyekufa anarudi? (Arua)

Harudi. Gemu linajiseivu lenyewe kila hatua. Na wale wanaochomoa laptopu makusudi, nawajua.

Kaka, nimechoka na vikosi vya maana. Nataka cha kufurahisha tu. (Gulu)

Hatimaye swali! Cheza kikosi kinachocheza dansi. Nafasi ya 1 Highwayman: bastola ya karibu inapiga vibaya sana, halafu inamrusha nyuma hatua moja. Nafasi ya 2 Jester. Ya 3 Crusader na Holy Lance, inayomsogeza mbele anapochoma. Ya 4 Grave Robber: Lunge inamvusha hatua mbili kwa mkupuo. Kila pigo linapangua safu, na safu ikipanguka ndipo kila mtu anapata pa kuanzia tena. Adui akikuvuruga mistari, kikosi cha kawaida kinalia, hiki hakijali. Jester anapunguza msongo kwa muziki wake, Crusader anaziba majeraha kidogo. Tiba ya kweli haipo, kwa hiyo kipeleke safari fupi, Warrens zaidi, ambako nguruwe wanatoka damu vizuri na Jester ana mundu. Kwa bosi usithubutu.

Nirukie ya pili moja kwa moja? (Kampala)

Ukitaka. Ilitoka 2023, ila ni gemu jingine: unasafiri kwa gari la farasi, huna kijiji cha kukijenga. Na msongo unahesabiwa hadi 10, si 200, kwa hiyo ukiuona 7 usijiambie bado mapema.